Treni Arubaini na Moja na Fungate ya Widad

"Bara wana treni ya umeme!" alisema Saud Redio, simu ameiinua juu kama anayeutafuta mtandao mbinguni. "Wameandika hapa, mtu anakunywa chai yake Dar es Salaam, adhuhuri inamkuta Dodoma."

"Na sisi Mtambile tunakunywa chai," alijibu Masoud Wakili, "adhuhuri inatukuta hapa hapa, na kikombe mkononi." Masoud hakusoma sheria popote. Aliwahi kwenda mahakamani mara moja kutoa ushahidi wa mbuzi, na jina likamganda.

"Msijidharau," alisema Shaame, muuza kahawa, akimimina. "Sisi treni tunazo arubaini na moja. Zimelala tu, kwa Stesheni Masta."

Baraza zima likacheka, isipokuwa Stesheni Masta mwenyewe. Mzee Thuwein, mwenye jina hilo la utani, alikuwa amekaa pembeni, kahawa yake imepoa. Alikuwa na miaka tisa pale mjomba wake, aliyefanya kazi reli Tanga, alipomletea kitreni cha bati chenye mabehewa mawili. Toka siku hiyo hakupona. Akaziokota nyingine kwenye marobota ya mitumba Chake Chake, nyingine akaagiza kwa jamaa zake wa Maskati. Treni ya kweli hajaiona hata kwa mbali.

"Yakhe, mbona leo umenuna?" Saud alimuuliza. "Zimegongana?"

"Bi Shariffa katoa amri. Zitoke zote kabla ya Alhamisi."

Hapo hata Shaame aliweka birika chini. Alhamisi ndiyo harusi. Widad, binti wa Thuwein na mkewe Bi Shariffa, anaolewa na Haitham, kijana wa Gando, na kama ada ilivyo, bwana harusi atakula fungate nyumbani kwa mke, siku saba ndani ya chumba. Na chumba kilichokuwepo ni kile cha treni.

"Kasema mkwe hawezi kulala na mabehewa," Thuwein alieleza kwa unyonge. "Kasema zisipopata pa kwenda, atawagaia watoto wa mtaa. Sasa nakuombeni. Nani ana nafasi kwake? Siku saba tu."

Wote wakakumbuka kwamba vikombe vyao vina kahawa.

"Mie ningekusaidia," alianza Saud, "lakini kwangu mna panya."

"Panya hawali bati."

"Hao ni panya wa kwako. Wa kwangu hujawaona."

"Shaame, weye una ghala ya karafuu."

"Zitanuka karafuu, Mzee."

"Si kitu, zinuke!"

"Na karafuu zitanuka treni. Nani atazinunua?"

Thuwein akamgeukia Wakili. Wakili akatengeneza kofia yake. "Sheria ni msumeno. Mie nikipokea mali yako, halafu ikapotea tairi moja..."

"Treni haina tairi! Ina gurudumu!"

"Mmeona, jamani? Sijapokea, na kesi imeshaanza."

"Watu wazima mnanicheka," alisema Thuwein. "Miaka arubaini na tano nimezikusanya. Hivi kijana akikaa nazo chumba kimoja siku saba, atapungukiwa na nini?"

"Muulize mwenyewe," alisema Saud. "Si yule anakuja?"

Haitham alikuwa anatoka kwa fundi, kanzu ya harusi kaikunja kwenye mfuko. Akawasalimia wakubwa mmoja mmoja, akaubusu mkono wa mkwewe, akakaa chini kabisa, penye ukingo. Baraza likawa na adabu ghafla, kama limepitiwa na kadhi.

"Baba," alisema, macho chini, "Widad kanambia treni zinahamishwa. Mie nilikuwa naomba, kama si tabu, zibaki."

Thuwein alikaa wima. Aliwatazama wenziwe mmoja mmoja, kama mtu ambaye timu yake imefunga bao dakika ya mwisho.

"Samahani, mwanangu," Wakili aliingilia. "Ulikwenda kuposa binti au stesheni?"

"Binti, Mzee wangu. Lakini siku saba ndani ni nyingi." Haitham akachangamka. "Widad kasema zina na reli zake. Nimepiga hesabu, zitatoka mlangoni, zizunguke kabati, zipite chini ya kitanda. Nimeshanunua na betri."

"Betri?" aliuliza Thuwein.

"Ndiyo, baba. Za kuzichezea."

Neno hilo likamwingia Thuwein kama mwiba wa samaki. Kuzichezea! Katika miaka yote ile hakuna treni hata moja iliyowahi kusogea shibiri. Kila Ijumaa alizitoa, akazifuta kwa brashi ya kunyolea, akazitazama, akazirudisha kila moja kwenye boksi lake. Widad mwenyewe alipokuwa mdogo aliruhusiwa kutazama, mikono mgongoni.

"Mwanangu, hizi hazichezewi. Hizi ni treni za mfano."

"Basi nitaziendesha taratibu."

"Haziendeshwi!"

"Sasa, baba," Haitham aliuliza kwa adabu zake zote, "treni isiyoendeshwa ni mfano wa nini?"

Shaame aligeuka haraka, akajifanya anapuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri.

"Na ile ya shaba," Haitham aliendelea, "Widad kasema inatiwa spiriti, ikiwashwa inakwenda kwa mvuke. Kibiriti ninacho."

Thuwein aliinuka, kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Talib alikuwa anapita na gari lake la ng'ombe, limeshapakua mawe. "Talib! Simamisha ng'ombe! Twende kwangu upesi, kuna mzigo!"

"Wa kwenda wapi?"

"Kwa Saud!"

"Si nimekwambia kwangu mna panya!" Saud alipiga kelele.

"Afadhali panya! Panya hana kibiriti!"

"Baba, nije nisaidie kubeba?" Haitham alikuwa ameshasimama.

"Kaa! Shaame, mpe kahawa. Akimaliza, mpe ya pili. Akimaliza, mpe ya tatu!"

Kabla ya magharibi gari lilipita mbele ya baraza, maboksi yamefungwa kamba juu yake. Thuwein alikaa katikati, kanyoosha mikono huku na huku kama kuku juu ya vifaranga. "Taratibu, Talib! Taratibu, shimo hilo!"

Wakili akasimama, akaweka mkono kifuani. "Miaka arubaini na tano," alisema, "leo ndo kwanza zinatembea."

Haitham, kikombe cha tatu mkononi, alilifuata gari kwa macho mpaka lilipokata kona. Kisha akasogea karibu na Saud, akamwinamia sikioni.

"Ami yangu," alisema polepole, "nyumba yako ni ya ngapi kutoka msikitini?"