Barua ya Mtu Aliyeanguka Mbele ya Mkwewe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Ofisini saa mbili kasoro. Nimefungua dirisha, nimepangusa meza, nimenyoosha kibao cha mlangoni: Sauti Njema, Mahusiano ya Umma. Kimepinda tena. Namshuku Tai.

Tai alikuwa msaidizi wangu kwa miaka minne. Nilimfundisha kazi yote. Mwezi wa pili akaaga, akasema anakwenda kupumzika. Kumbe mapumziko yenyewe ni hatua sita kutoka hapa, mlango unaofuata, na kibao kikubwa kuliko changu! Shangazi anadhani namwita Tai kwa sababu ya ile anayovaa shingoni. Mimi namaanisha ndege.

Shangazi ni dada wa marehemu baba. Alikuwa mhazili wa shule, akastaafu, akachoka kukaa bure, sasa anapokea simu zangu. Kazi anaijua. Tatizo ni kwamba ananiita mwanangu mbele ya wateja. Nimemwomba tena leo aniite Mkurugenzi. Amesema sawa, mwanangu.

Jambo zito: mkataba wa Fundi unaisha mwezi huu. Fundi anatengeneza viti. Mteja wangu mkubwa. Tuseme ukweli, shajara haina masikio: ndiye mteja wangu. Miaka thelathini kazini, hajawahi kuletewa lalamiko hata moja. Hapo ndipo ninapokwama. Nani ataandika habari za viti visivyovunjika? Mara tatu nimepeleka gazetini taarifa yenye kichwa "Viti Vyazidi Kuwa Imara". Mara tatu kimya.

Na mchana Tai ameonekana kwenye karakana ya Fundi. Alikuwa amekaa, anapapasa mkono wa kiti kama mtu aliyekuja kuposa.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata, lakini wazo ni zuri.

Fundi hana sifa kwa sababu hana adui. Basi nimpe adui! Barua moja ya malalamiko kwenye ukurasa wa wasomaji. Siku ya pili, jibu letu: la heshima, la kishujaa. Watu watamjua. Fundi atanishukuru. Tai atajinyonga kwa tai yake.

Nimeandika barua ya lalamiko asubuhi nzima. Nanukuu sehemu niliyoipenda: "Kiti kililia kama paka, kisha kikafunguka, nami nikaanguka chali mbele ya mama mkwe, ambaye alikuwa anakuja kwangu kwa mara ya kwanza." Sahihi: Mnunuzi Aliyeaibika. Niliposoma kwa sauti nilimhurumia sana yule bwana.

Kisha nikaandika jibu. Kurasa mbili. Bahasha ya jibu nimempa Shangazi aipeleke gazetini Ijumaa, kazi ya kawaida tu, hajui kitu. Bahasha ya lalamiko nimeitia posta mwenyewe, nikiwa nimevaa kofia.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Shangazi alikuwa na miadi ya jino. Kliniki iko jirani na gazeti. Akaona isiwe taabu, akapeleka jibu leo.

Saa nane simu ikalia. Mwandishi wa ukurasa wa wasomaji, mwanamke mwenye sauti ya upole inayotia wasiwasi. Akasema amepokea kurasa mbili zinazokanusha vikali kwamba mtu yeyote ameanguka mbele ya mkwewe. Akauliza ni nani aliyesema ameanguka.

Nikamwambia sisi huwa tunakanusha mapema. Ni huduma mpya.

Akasema ataliweka jibu kwenye faili.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Barua imetoka! Ukurasa wa saba, juu, ndani ya kisanduku. Wamechora na kiti.

Jibu halikutoka.

Nimepiga simu. Nimeambiwa nafasi imejaa. Nikasema jibu ndilo muhimu. Yule mwandishi akasema, kwa sauti ileile, kwamba lalamiko nalo ni muhimu, na kwamba alama ya posta inaonyesha limetumwa Jumanne, na kwamba hayo anayafikiria tu, nisijali.

Nimejali kidogo.

Saa tano nikaenda karakana kumpa Fundi moyo. Nilitarajia kumkuta amewaka, anadai haki yake. Nimemkuta amekaa juu ya rundo la mbao, gazeti magotini, miwani mkononi. Amesema mtu ameanguka. Nikasema Fundi, hayo ni maneno ya gazeti. Akasema mtu ameanguka mbele ya mkwewe kwa sababu ya mkono wake yeye, na hata jina ameona haya kuliandika.

Nikamweleza mkakati. Hakunisikia. Alikuwa anahesabu kwa vidole viti vya mwaka jana, kimoja kimoja, kama mtu anayewaita watoto waje ndani.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Karakana imefungwa! Mlangoni pana ubao umeandikwa kwa chaki: TUMEFUNGA. TUNATAFUTA KITI KIBOVU.

Vijana wake wawili wa kazi wamekaa nje, hawana la kufanya. Wameniambia Fundi ametoka alfajiri na mkokoteni, misumari, gundi na randa. Anakwenda nyumba kwa nyumba kukagua kila kiti alichowahi kuuza. Asiporidhika nacho, anakitengeneza bure. Hatafungua mpaka ampate aliyeanguka amwombe radhi. Yule mkubwa kati yao akaniuliza kama wiki mbili zitatosha. Mke wake yuko karibu kujifungua.

Nikasema bila shaka. Nikaondoka nikitazama chini.

Nimekula mchana bila hamu. Najiambia: utafutaji huu nao ni habari. Bado mkakati unaweza kuokoka.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimemfuata Fundi mtaani nimshawishi arudi. Haikuwa kazi kumpata, kila mtu aliniambia kapita hapa. Nimemkuta kwenye ngazi za jengo la ghorofa nne, kabeba kiti mgongoni.

Na nani anasukuma mkokoteni? Tai! Kakunja mikono ya shati, tai ameitupa begani, anahema. Nikamuuliza anafanya nini na mteja wangu. Akasema anasukuma mkokoteni. Nikasema huo si uungwana wa kazi. Akasema basi niushike upande huu, kuna kilima.

Nikaushika. Kilima kilikuwa kirefu.

Njia nzima Fundi hakuzungumza ila mara moja. Alisema usiku hapati usingizi, anamwona yule bwana akianguka. Kila akimwona, anamwona na soksi tofauti. Mimi nilikohoa.

Viti hamsini na viwili vimekaguliwa. Vyote vizima. Fundi haoni hiyo kuwa habari njema.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Mwandishi amekuja ofisini. Ni mfupi, ana mkoba mkubwa. Shangazi akamletea chai, akakaa naye, nami nikawa kama mgeni kwenye ofisi yangu.

Akatoa karatasi mbili, akazilaza mezani sambamba. Jibu lililofika Jumatano. Lalamiko lililofika Alhamisi. Akanyoosha kidole kwenye neno "kishujaa". Jibu langu limelitumia mara nne. Mnunuzi Aliyeaibika naye ameandika kwamba alijaribu kuinuka "kishujaa".

Nikasema ni neno la kawaida.

Akasema habari za Fundi anaziandika kwa ajili ya Alhamisi, kwa sababu tangu aanze kazi hajaona mtu wa namna ile. Swali ni kama ataandika pia habari za barua. Akasema Fundi akiambiwa ukweli kabla ya kesho jioni, na mimi ndiye niliyemwambia, yeye hana haja na jina langu. Akamshukuru Shangazi kwa chai. Akaondoka.

Shangazi akazichukua zile karatasi, akazisoma zote mbili taratibu, kidole chini ya mistari. Kisha akafunga mashine yake ya kuchapa kwa kifuniko.

Akasema, "Utakwenda kesho asubuhi, Mkurugenzi."

Mara ya kwanza ameniita hivyo. Sikuipenda hata kidogo.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nimekwenda. Usiku nilifikiria njia tatu za kusema bila kusema. Zote tatu nilizisahau njiani.

Fundi alikuwa nyumbani kwa mkunga mstaafu, chumba cha kulia, viti sita vimepinduliwa miguu juu. Yeye kalala chini ya cha mwisho, anachungulia kiungo kwa tochi. Tai hakuwepo. Mwenye nyumba alikuwa jikoni. Nikapiga moyo konde, nikakaa sakafuni.

Nikamwambia: "Fundi, ile barua niliiandika mimi."

Tochi haikusogea.

"Ipi?"

"Ya gazetini. Nilitaka wakulalamikie, halafu nikutetee."

Akatoka chini ya kiti polepole, vumbi la mbao kwenye nyusi. Akanitazama muda mrefu. Nilijiandaa kwa ngumi. Mkono wake ni mpana kama sahani.

"Kwa hiyo hakuna aliyeanguka?"

"Hakuna."

"Na mkwewe?"

"Hayupo. Hakuna mkwe."

Akaegemea ukuta. Akavua miwani, akajifuta macho kwa mkono wa shati, kwanza jicho moja, kisha la pili. Nikadhani amekasirika mno. Kumbe analia kwa raha. Alikuwa anarudia, "Hakuna aliyeanguka. Hakuna aliyeanguka, ndugu yangu!" Mkunga akaja mbio na mwiko, akauliza nani kaanguka. Fundi akasema hakuna, mama, hakuna kabisa!

Afadhali angenipiga. Nilijisikia mdogo hata kuliko zile skrubu zilizokuwa kwenye kopo lake.

Alipotulia akasema mkataba wetu umekwisha leo. Hakupandisha sauti. Akasema siku tano vijana wake hawakufanya kazi, na mmoja anangoja mtoto. Akasema yeye ni mtu wa kusema kidogo, kwa hiyo alitafuta mtu wa kumsemea, lakini sasa ameona bora anyamaze mwenyewe.

Nikaomba radhi, nikainuka niondoke. Akasema ngoja. Kiti cha sita mguu mmoja ulikuwa umelegea kidogo, si kwa kuvunjika, ni watoto wa wajukuu wanaopanda. Alikuwa ametia gundi, na kibano amekisahau karakana. Akasema nishike hapa, nibane, nisitikise.

Nikashika dakika arobaini. Yeye na mkunga walikunywa chai. Hakuna aliyesema kitu kuhusu kazi yangu. Pua iliniwasha, nikavumilia.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Habari imetoka. Ukurasa wa kwanza! Picha ya Fundi na kiti mgongoni, anapanda ngazi. Kichwa: "Atafuta Kiti Kibovu, Akosa." Imeelezwa, kwa maneno ya Fundi mwenyewe, kwamba lalamiko halikuwa la kweli na kwamba aliyelituma amekiri na kuomba radhi. Jina halikutajwa. Nimesoma mara tano kuhakikisha.

Nimepita karakana kwa upande wa pili wa barabara. Foleni mpaka kwenye kona. Vijana wote wawili kazini, randa zinaimba. Mmoja wa wanunuzi alikuwa anamwambia mwenzake kwamba hivi ndivyo matangazo yanavyotakiwa kufanywa. Nilikuwa karibu kuvuka barabara nimpe kadi yangu. Miguu ilikataa.

Tai naye hakupata mkataba. Alijaribu. Fundi alimpa kigoda kwa ajili ya kusukuma mkokoteni, akamuaga kwa heshima. Jioni Tai amekiweka nje ya mlango wake, amekikalia. Akaniuliza kama nataka kupumzisha miguu. Nikasema sina muda. Nikakaa kidogo.

Shangazi bado ananiita Mkurugenzi.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Asubuhi tulivu. Nimefikiri kwa kina juu ya yaliyotokea. Mtu mzima lazima ajifunze.

Nimegundua kosa langu. Barua! Barua zina tarehe, zina alama ya posta, zina maneno yanayojirudia. Nimeapa mbele ya Shangazi: sitaandika tena barua ya uongo maisha yangu yote. Akanitazama sana, akaona namaanisha. Akasema, "Haya, mwanangu." Nilitaka kumbusu.

Na saa nne, mteja mpya! Mwalimu wa kuogelea. Ana bwawa safi kabisa, maji ya buluu, na wanafunzi wawili tu. Anasema amewaokoa watu kumi na mmoja maishani mwake na hakuna gazeti lililowahi kujua. Nikamwambia amekuja mahali panapofaa.

Mpango uko tayari. Jumamosi bwawa litakuwa limejaa wageni waalikwa. Mtu mmoja atazama. Mwalimu ataruka. Waandishi watakuwepo. Bila barua! Mwalimu mwenyewe sitamwambia, ili aruke kwa moyo wote.

Nimemwomba Shangazi awe ndiye wa kuzama. Amekataa, amechukua mkoba wake, amekwenda nyumbani mapema. Nimemwomba Tai. Amecheka mpaka amekaa chini.

Basi. Nitazama mwenyewe, upande wenye kina. Bahati nzuri sijui kuogelea, kwa hiyo itaonekana kweli.