Ada ya Uso

Hezroni alikuwa na uso ambao hata mama yake mzazi, akikutana nao sokoni ghafla, angeupita akaenda kuulizia bei ya maharage. Haukuwa mbaya wala mzuri, haukuwa na kovu wala kidoti. Wenzake walirithi mashamba. Yeye alirithi uso usiokumbukika, akaufanyia kazi miaka kumi na miwili kutoka Tanga hadi Moshi, akiuza dawa ya kuotesha nywele huku, akiandikisha watu safari ya bure ya Ulaya kule, na hakuna mji uliowahi kumtambua aliporudi. Siku uso huu ukijulikana, alizoea kujiambia, nitashika jembe. Wazo hilo lilimtisha kuliko polisi.

Basi asubuhi moja, mwaka wa hamsini na tatu, alishuka kwenye treni stesheni ya Same akakuta tangazo ukutani. Watu wa sinema wa Serikali watafika wilayani mwezi ujao kutengeneza picha, nao watahitaji wenyeji wa kuigiza. Hezroni alilisoma mara mbili. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akalibandua taratibu na kulitia mfukoni. Aliona si vizuri tangazo zuri namna ile liachwe lipigwe na jua.

Siku ya tatu alikuwa Vudee, juu mlimani, amevaa suti ya kijivu na tai, amekaa nyuma ya meza ya kuazima mbele ya kanisa. Cheo chake, alichojipa njiani wakati wa kupanda, kilikuwa Mteuzi wa Nyuso. Tangazo lilikuwa mezani limewekewa jiwe, mhuri ukionekana vizuri.

"Picha hii itaonyeshwa nchi nzima," aliwaambia watu. "Ina mkulima bora na mkulima hovyo. Mkulima bora ana matuta, ana choo, ana mke anayecheka. Mkulima hovyo analewa, na udongo wake unakwenda na maji. Mimi ndiye nitakayesema nani awe nani."

Mzee Simeoni, mwenye kahawa nyingi kuliko wote pale, akainua mkono. "Na huyo hovyo, watu wakishamwona, watajua kuwa ni mchezo tu?"

"Mzee wangu, siwezi kukudanganya," alisema Hezroni, na tunaomba msomaji avumilie. "Kuna bwana mmoja kule Handeni aliigiza mwizi wa mbuzi. Mpaka leo akipita, watu wanafunga mabanda."

Hapo ndipo ada ya uso ilipozaliwa. Sehemu ndogo, ya jirani wa mkulima bora, ilikuwa tetea mmoja. Sehemu kubwa, ya mkulima bora mwenyewe, ilikuwa jogoo. Aliyekuja mikono mitupu Mteuzi alimtazama kwa huruma, akaandika kitu kirefu kwenye daftari, na mtu huyo alirudi nyumbani mbio kufukuza kuku. Kufikia adhuhuri Vudee ilikuwa na wakulima bora kumi na saba na hovyo hata mmoja hakuna.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Eliwaza, mjane wa makamo aliyekuwa akifundisha mchezo wa Krismasi kanisani pale. Hakubeba kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kujaribiwa."

"Haya, lia," alisema Hezroni, ambaye njaa ilikuwa imeanza kumuuma.

"Kilio gani?"

"Kwani viko vingapi?"

"Kipo cha msiba wa mtu uliyempenda. Kipo cha msiba wa mtu uliyemwogopa, hicho huchelewa kidogo. Kipo cha mke ambaye mumewe kauza ng'ombe bila kumwambia."

"Nipe hicho cha ng'ombe."

Eliwaza akakaa chini. Hakupiga kelele. Alitazama mahali ambapo ng'ombe hufungwa, akaokota kamba ambayo haikuwepo, akaikunja polepole kama mtu anayejua kwamba hataihitaji tena. Kisha machozi yakaja. Hezroni alijikuta ametoa leso, na alitamani sana kuuliza ng'ombe mwenyewe alikuwa rangi gani.

Mama yule akainuka, akajikung'uta vumbi. "Miaka minne nimekuwa Herode kwenye mchezo wetu, maana wanaume wote walikataa. Wiki nzima baada ya Krismasi watoto walikuwa wakinikimbia kisimani. Sijawahi kufurahi namna ile." Akainamia meza, akapunguza sauti. "Na wewe unaigiza vizuri sana. Suti, kalamu, ule utulivu wako. Mikono tu ndiyo ina haraka wakati wa kupokea kuku."

Hezroni akaitupia jicho njia ya kuteremkia.

"Kaa, baba. Sikutishi, nakusifu."

Sasa, kazi ya utapeli ina kasoro moja ambayo wenyewe hawaisemi. Ukiifanya vibaya, kila mtu anaona. Ukiifanya vizuri, hakuna aonaye. Kwa miaka kumi na miwili Hezroni alikuwa amecheza kama bingwa, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia umecheza. Maneno yale yalimwingia, akakaa.

"Watu wameanza kuuliza mashine ya sinema iko wapi," Eliwaza aliendelea. "Jumamosi nitakuletea. Sanduku, miguu mitatu, na kitu cha kuzungusha ili kipige kelele. Mzungu pia ninaye. Ni Mgiriki aliyefukuzwa kazi kwenye katani. Kwa chupa moja atasimama juani mchana kutwa. Usimsemeshe tu, hajui Kiswahili."

"Na wewe unataka nini?"

"Kuigiza mbele ya watu kitu kisichokuwa Herode."

Jumamosi ilipofika, Hezroni alikiri moyoni kwamba mama yule alikuwa fundi. Mashine ilikuwa ya chuma, ikinguruma kama cherehani. Mgiriki alikuwa na kofia pana na shingo nyekundu. Alikuwepo hata karani wa uongo, kijana nadhifu aitwaye Daudi, mwenye kofia ya pama na daftari lake.

"Mashine umetengenezesha kwa nani?" alinong'ona Hezroni.

"Kuna watu," alijibu Eliwaza.

Hezroni akaingia kazini. Mgiriki aliposema neno, na lugha yenyewe Hezroni asiijue, yeye alisimama akatafsiri kwa sauti: "Bwana anasema kuku wenye miguu ya njano wapite mbele." Daudi aligeuka pembeni akakohoa. Mgiriki akasema tena, safari hii kwa mkono. "Bwana anasema kila mmoja aongeze mayai mawili." Wakaongeza. Mzee Simeoni alimkabidhi jogoo wake mara tatu, akidai kwamba Bwana hakuona vizuri, na kila mara alikuwa na uso wa kondoo zaidi. Eliwaza alimshika Hezroni mkono wa koti, akamlilia asimfanye mkulima hovyo, na Hezroni, aliyelewa na kazi nzuri, alinyoosha tai, akapokea kuku kwa mikono iliyotulia, kisha akaikonyeza mashine.

Katika maisha yake hakuwa ameona watu wajinga kiasi kile, tena wenye moyo.

Walimfungia tenga lake wenyewe, wakambebea hadi Same, wakampandishia kwenye treni. Alilifungua Mombo. Lilikuwa limejaa magunzi ya mahindi, na katikati yake tetea mmoja mzee, aliyemtazama bila wasiwasi wowote. Hezroni alicheka peke yake mpaka machozi. Tetea hakumuuza.

Miezi saba baadaye alirudi Mombo na chupa za dawa ya nywele. Hakujua kwamba gari la sinema lilikuwa limepita pale siku iliyotangulia. Alipanga chupa zake, akasafisha koo, akasema, "Ndugu zangu."

Mama muuza nyanya akainua macho. "Huyu si Bwana Kuku?"

Soko zima likageuka. Watu walisogea wakicheka, wakimwonyesha kwa vidole, na nyuma kabisa wengine wakasema kwa pamoja, "Kuku wenye miguu ya njano wapite mbele." Mtu akamwomba awakonyeze. Hezroni alijua hapo hapo kwamba uso wake umekufa, na kwamba hakuna mji kwenye reli ile utakaomnunulia tena hata chupa moja. Akawakonyeza, kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Wakampigia makofi.

Alisimama pale na chupa zake, masikio yanamchoma kwa aibu, na ukweli ni kwamba alitaka wapige tena.

Alijaribu Korogwe, alijaribu Moshi, ambako askari alimpigia saluti huku akicheka. Mwisho alishuka Same akiwa na tetea kwapani. Karibu na stesheni, kwenye chumba cha kukodi, alikuwepo Eliwaza nyuma ya meza, kwa kuwa watu wa sinema sasa walikuwa wamemwajiri kuwachagulia waigizaji. Hezroni alipanga foleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Uso wako si mgeni."

"Umeniharibia kazi."

"Wewe ulibandua tangazo la stesheni. Jingine lilikuwa sokoni. Niliteremka nikakuta watu wa sinema wameshafika kabla ya siku zao, wanahangaika kutafuta mkulima hovyo. Nikawaambia ninaye mtu anayefaa kuliko huyo. Vudee yote ilijua, na yote ililipwa."

"Na yule Mgiriki?"

"Mwingereza. Siku nzima alikuwa akikuomba usogee kushoto kidogo." Akafungua daftari. "Amekuulizia mara mbili. Wanataka mwizi wa kahawa, na baada yake mganga wa uongo. Ni kazi ya mshahara, ila utaandika jina lako la kweli."

Hezroni ilibidi afikiri kwanza.

"Haya, lia," alisema Eliwaza.

"Kilio gani?"

"Cha mtu aliyeibiwa."

Hakikumchukua muda. Eliwaza alimtazama mpaka mwisho, akaandika mstari mmoja. "Mikono imetulia," alisema, na Hezroni aliona fahari ambayo hakuwahi kuipata kwa tenga zima la kuku. Akaweka ada yake mezani.

Eliwaza akampapasa ndege yule kifuani, akamtambua, akamrudisha.

"Huyu ni tetea, baba. Sehemu kubwa ni jogoo."

Hezroni akaenda sokoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanunua kuku.