Bango la Badiru na Kifaransa Changu

Jumatatu, 3 Machi 2014

Daktari wa Kasese anasema moyo wangu umechoka. Padri Nobert anasema roho yangu pia. Ameniagiza niandike dhambi zangu kila jioni, nisije nikaitwa mbinguni nikiwa nimezisahau nusu. Sawa. Naanza.

Leo hakuna dhambi.

Isipokuwa nimemtakia Yafesi radi. Radi ndogo. Huyu Yafesi nilimfundisha mwenyewe a, e, i, o, u. Leo amefungua darasa la Kiingereza cha watu wazima hapa hapa Bwera, ng'ambo ya barabara, na ana mashine ya kutupa picha ukutani! Mimi nina ubao na chaki.

Wanafunzi wangu ni wachuuzi waliotoka Butembo na Beni, ng'ambo ya mpaka, Kongo, wanakosema Kifaransa. Nawafundisha Kiingereza cha mnunuzi: kuuliza bei, kusoma maandishi ya pakiti, kudai risiti, kurudisha kitu kibovu. Somo zuri. Lakini hawakunifuata kwa ajili ya somo. Walinifuata kwa sababu niliwaambia najua Kifaransa, na kwamba atakayekwama nitamfafanulia.

Sijui Kifaransa. Najua bonjour. Naliandika hilo kama uongo wa kibiashara.

Immy, binti yangu, amepiga simu kutoka Rukoki. Darasa likivunjika, nahamia kwake. Amekwisha kununua kitanda. Kina vyuma pembeni kama cha mtoto, nisianguke. Eti, Tata, huku utapumzika. Kupumzika! Kule wataniita mgonjwa. Hapa naitwa Mwalimu. Nataka nife nikiitwa Mwalimu, na kwa hilo nitatumia akili zote zilizobaki.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya soko. Nimewapeleka kwa mazoezi, mkongojo mbele, darasa nyuma. Somo: mnunuzi asinunue kitu kabla ya kuuliza tarehe ya kuharibika.

Martine, muuza vitenge, ndiye mwenye bidii na mwenye sauti. Alikwenda moja kwa moja kwa muuza jogoo akamuuliza, kwa Kiingereza safi, jogoo huyu anaharibika lini. Mwenye jogoo akamjibu kwamba ni leo jioni, mama, ukishateleka maji. Soko zima likacheka. Nami nikacheka, halafu nikakumbuka ni mwanafunzi wangu.

Wakati huo Yafesi anagawa chai na mandazi darasani kwake. Mandazi! Hiyo ni elimu? Wanafunzi wangu wawili tayari wana mafuta midomoni.

Nimepata mpango. Ijumaa, mtihani wa hadharani! Darasa langu litanunua vitu kwa Kiingereza dukani kwa Badiru, mbele ya watu. Bwera ione. Yafesi aone. Immy asikie.

Badiru alisitasita. Nikamwahidi kwamba Butembo nzima itajaa dukani kwake. Akauliza afanye nini. Nikamwambia apunguze bei kidogo na atundike bango lenye neno moja tu la Kiingereza, kubwa kama mbuzi: SALE. Neno hilo, nikamwambia, huvuta watu dunia nzima.

Dhambi za leo: kiburi. Kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Ee Bwana.

Bango lilikuwa jekundu. Lilionekana tangu kituo cha bodaboda. Badiru alivaa kanzu mpya. Tulifika kwa mstari, wanafunzi wamevaa vizuri kama wa kipaimara. Mlangoni, wakasimama. Hakuna aliyeinua mguu. Martine alilisoma bango polepole, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, huyu mutu anaandika ye mwenyewe kama magazini yake iko buchafu?"

Magazini kwao ni duka. Ndivyo nilivyojua, nikiwa na umri huu, kwamba Wafaransa wana neno linaloandikwa vilevile, na maana yake ni chafu.

Ilikuwa rahisi tu kusema: mama, hili ni la Kiingereza, maana yake bei imeshuka. Lakini wote walikuwa wananitazama, mimi mjuzi wa Kifaransa, kuona kwa nini sikushtuka. Nikafuta miwani. Nikaivaa. Nikaifuta tena. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba naam, ni chafu, na kwamba bwana afya ndiye aliyemlazimisha Badiru kuandika. Nikaongeza kuwa huo ndio ulikuwa mtihani, na wamefaulu wote.

Wakapiga makofi! Tukavuka barabara tukanunua sabuni kwingine. Martine akabaki kando ya njia akiwazuia wenziwe waliokuwa wakitoka mpakani: "Musiingie mule! Iko sale!"

Hadi mchana hakuna Mkongo aliyekanyaga pale. Badiru alisimama mlangoni na kanzu yake.

Hata hivyo, darasa halijavunjika. Waliofaulu hawahami.

Jumamosi, 8 Machi

Badiru amekuja asubuhi, hakuketi.

"Mzee Asanasio, Butembo nzima umeniletea kweli. Imesimama ng'ambo ya barabara, imeziba pua!"

Nilimkaribisha chai, akakataa. Nikamweleza habari ya Kifaransa kana kwamba nimeijua siku zote na yeye ndiye aliyechelewa kuniuliza. Akaniambia atalishusha bango. Hapana! Bango likishuka leo, Martine atauliza kwa nini, nami nitaulizwa. Nikamwambia asishushe, aongeze. Neno moja tu dogo mbele: NO. Wanafunzi wangu walilijua tangu somo la kwanza. Watasoma NO SALE, watajua uchafu umekwisha.

Badiru, ambaye shule aliiacha akiwa darasa la tatu, aliuliza kama na wenyeji wataelewa. Nikamuuliza mwalimu ni nani kati yetu. Akaenda kununua rangi.

Nimelala mchana nikitabasamu.

Jumatatu, 10 Machi

Wakongo waliingia! Walijaa dukani, wakasifu usafi. Martine alipitisha kidole juu ya kaunta akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wenyeji ndio walioondoka. Wao walisoma kwa Kiingereza, wakaelewa kwamba pale hakuna kinachouzwa. Kufika adhuhuri ilikwisha semwa kwamba Badiru amefilisika, kwamba Badiru amekimbia, kwamba Badiru amekufa, na hili la mwisho aliambiwa Badiru mwenyewe na mtu aliyekuja kuhani. Wakala wa soda alikuja na pikapu akachukua friji yake, soda zikatolewa zikapangwa sakafuni. Badiru akaketi juu ya kreti.

Ndipo akapita Yafesi. Akalisoma bango. Akalisoma tena. Alicheka mpaka akashika nguzo ya umeme. Kumbe miaka yote aliyopotea hapa alikuwa akifanya kazi Goma, kwa Wakongo! Akawaeleza watu bango kwa lugha zote mbili, kisha akanigeukia kwa adabu kubwa, mikono nyuma kama nilivyomfundisha, akaniamkia kwa Kifaransa kirefu kama mto Nyamwamba.

Nikajibu bonjour. Halafu nikakohoa. Nilikohoa hadi nikaletewa maji.

Martine akanipokea kikombe.

"Muzee, kikohozi yako inajua Kifaransa kukupita weye."

Jumanne, 11 Machi

Darasa: mimi, ubao, na kuku wa jirani.

Jioni Martine alikuja na bakuli la sombe, majani ya muhogo ya kwao. Nilidhani amerudi. Hapana. Alisema amekuja kuaga vizuri, kwa sababu mimi ni mutu muzuri.

"Weye unatuchekesha, Muzee. Yafesi anatufundisha. Mie niko na biashara."

Sombe ilikuwa tamu. Sikuimaliza.

Immy amepata habari. Atakuja Ijumaa na gari. Nimefungasha chaki.

Alhamisi, 13 Machi

Padri Nobert alikuja kunisikiliza kabla sijaondoka. Nimeungama kila kitu: bango, bwana afya, friji, radi ya Yafesi. Niliungama hata kwamba katika lugha za Ulaya sijui hata moja ila Kiingereza, nacho kinaanza kunitoka. Nililia kidogo. Akaniondolea dhambi, akaniagiza niende kumwomba Badiru radhi. Nilijiona mwepesi kama unyoya. Hata magoti yalikubali kunyooka.

Tulipotoka, Proscovia wa kamati ya wageni alikuwa anamngoja Padri uani, amechanganyikiwa. Wageni wa Ujerumani wanafika Jumapili, watakaa hadi Pasaka, na parokia nzima haina mtu ajuaye Kijerumani. Angepatikana hata mzee mmoja, angepewa chumba pale pale kwa mapadri, chakula juu yao, na kazi yake ingekuwa kufundisha kwaya salamu za Kijerumani.

Kufundisha!

Nikasema mimi.

Proscovia alinitazama kwa mashaka. Alisema, samahani Mzee, lakini Bwera yote inajua kwamba Kifaransa hukijui. Nikamjibu ni kweli kabisa. Ningekijuaje, na miaka ile nilikuwa nasoma Kijerumani?

Padri Nobert akafungua mdomo. Akaufunga. Siri ya kitubio! Alichokisikia ndani hawezi kukisema nje, hata kwa jicho. Alikuwa mwekundu kama bango. Proscovia akanishika mikono yote miwili akaniita Mwalimu.

Nimempigia Immy asilete gari.

Somo la kwanza ni Jumatatu. Tayari ninalo neno moja la Kijerumani, la salamu. Sijui tu kama ni la asubuhi au la kuagana.