Jeki Chini ya Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe kaniachia gari. Kaniagiza nilioshe tu! Ijumaa linampeleka mama mkwe kupasuliwa mtoto wa jicho. Kuosha ni kazi ya mtu asiye na akili. Mimi ni fundi saa, na injini ni nini kama si saa iliyonenepa? Nitabadilisha matairi, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Mwanyumba, mume wa dada wa mke wangu, ndiye anayesifiwa kila siku kwa kujua magari. Sasa basi!

Nimeweka jeki katikati, chini ya kitu kipana, bapa kama sinia. Nimesikia krak. Nikajua ni kutu. Gari limepanda vizuri.

Jumanne, 4 Machi
Nimelizungusha mtaani. Injini inagonga: ko-ko-ko. Taa nyekundu yenye picha ya birika imewaka. Uchunguzi wangu: petroli chafu. Nikaongeza sauti ya redio. Mke wangu akauliza nini kinagonga. Nikasema ngoma. Akasema hiyo ni taarifa ya habari.

Jumatano, 5 Machi
Kamleta mwanyumba, huyo mke wangu! Msaliti. Mwanyumba akaagiza lisiwashwe tena, akamwita fundi wa gereji. Fundi akapima oili: imejaa. Akaingia chini ya gari na tochi.

Akatoka na maelezo. Ile sinia yangu ni bakuli la oili ya injini. Jeki imelibonyeza hadi likaziba mdomo wa bomba linalonyonya oili. Oili ipo, ila haipandi. Vyuma vinasagana vikavu.

Akauliza limetembea umbali gani. Nikasema halikutembea. Mke wangu akasema limetembea hadi sokoni na kurudi.

Wakafungua bakuli. Fundi akachovya kidole kwenye oili, akakigeuza juani. Kilimetameta. Unga wa chuma. Nilikaa chini pale pale. Nilimfikiria mama mkwe, anayepapasa ukuta kwenda jikoni. Fundi akasema tungeenda mbele kidogo tu, injini ingekuwa ya kuzikwa.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi kaweka bakuli jipya, kabadilisha vyuma viwili vilivyochubuka. Haigongi tena. Nani amwambie mzee? Nina mpango: jiwe barabarani.

Baba mkwe alinisikiliza hadi mwisho. Akainua bakuli la zamani, akalitazama pale lilipobonyea. Alama ya duara, imezungukwa na vijino. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mkwe wangu, hilo jiwe lilikuwa na meno?"

Mwanyumba akaingilia, akasema kosa hilo hata yeye aliwahi kulifanya. Uongo mtupu! Kanitetea. Sijawahi kumchukia namna hii.

Ijumaa, 7 Machi
Kaendesha mwanyumba. Mimi kiti cha nyuma, nimepakata mto wa mama mkwe. Akanipapasa mkono. "Usihuzunike, baba. Mimi nina ukungu machoni, lakini hata mimi ningeliona hapo si mahali pa jeki."

Gari zima likacheka. Mke wangu zaidi.

Jumamosi, 8 Machi
Upasuaji umekwenda salama. Bandeji imetolewa. Mama mkwe kamtazama kila mtu, kaniambia nimezeeka.

Mwanyumba kabaki kwa wakwe kuwasaidia. Pikipiki yake kaiacha kwetu, uani. Kaniomba jambo moja, mbele ya mashahidi: nisiiguse. Sawa. Lakini mnyororo wake umekauka, masikini. Mtu aliyenitetea simwachii mnyororo mkavu. Nimeufungua wote. Ulitoka kirahisi, pamoja na springi fulani iliyoruka juu ya paa la jirani.

Nimeichunguza pikipiki kwa makini. Haikuihitaji springi hiyo.