Kiduha Kwenye Sikukuu ya Mavuno

Leo nimeumbuliwa na ua. Tena ua lenyewe halifiki hata gotini!

Zamu ya kupamba kanisa sikukuu ya mavuno ilikuwa yangu. Nikajiwekea nadhiri: sinunui maua. Napamba kwa maua yetu ya porini, na atakayeuliza namtajia jina.

Jana, narudi Lushoto kutoka Mombo, nikayaona kando ya barabara kwenye nyasi kavu. Madogo, mekundu, yanapendeza. Nikashuka garini, nikang'oa furushi zima. Mizizi yake ilikuwa imeng'ang'ania mizizi ya nyasi. (Nikawaza: ua lenye upendo hili!)

Nikapiga picha, nikaiuliza simu. Ikajibu: ua la msimu mmoja, asili yake Afrika, halafu jina la Kilatini lililonishinda kutamka. Sikusoma zaidi. (Niliishia darasa la saba, lakini hapa tatizo lilikuwa haraka.)

Nisimwonee mtu, jirani yangu Mama Neema alinionya. "Mwenzangu, ua usilolijua unalipeleka kanisani?"

"Nalijua. Lina Kilatini."

Asubuhi nikayapanga juu ya debe la Mzee Elisha, mkulima wa bondeni. Alitoa mahindi ya mbegu, aliyoyachagua mwenyewe punje kwa punje. Nikayakung'uta maua yakae vizuri.

Baada ya ibada, mnada wa mavuno. Kwetu hata yai moja linagombewa! Debe likanyanyuliwa. Wakulima wa bondeni wakayakodolea macho maua.

"Jamani, mbegu safi hii! Hakuna anayeitaka?" mnadi akauliza.

Mzee Elisha akasogea, akavaa miwani.

"Nani kaweka kiduha kwenye mbegu yangu?"

Watu wakarudi nyuma kama wameona nyoka. Kiduha! Gugu linalonyonya mahindi mizizini mpaka yakauke, na mbegu zake ni vumbi tupu. Sisi wa huku juu, wa kabichi na karoti, tunalisikia tu kwa jina.

Nilitamani kujificha nyuma ya kwaya. Lakini angelaumiwa mwingine. Nikasimama.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi."

"Marahaba. Sasa mwanangu, ulikuwa unatupamba au unatuloga?"

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka.

Haki yake nampa mzee, hakunitukana. Ila mbegu ile haipandiki tena. Maua nikayachoma, debe nikalinunua lote.

Kwangu ni makande mpaka Krismasi. Mnaocheka, njooni na mabakuli.