Kiti cha Peugeot na Mfumo wa London

Jumatatu, 9 Juni
Mulei fundi viatu amenipandisha presha hapa Kawangware 56. Ati Shiundu ni wa drafti ya vifuniko vya soda tu, chesi ni ya wenye vichwa. Mimi! Niliyemnyorosha Mrusi mpaka akalia! (Mrusi ama Mtaliano. Mzungu kabisa.) Tumepatana: Jumamosi, chesi. Atakayeshindwa asikalie tena kile kiti kilichong'olewa kwa Peugeot, pale nje ya kibanda chake. Mgongo wangu haujui kiti kingine.
Shida ndogo: chesi sijawahi kucheza.

Jumanne, 10 Juni
Nimeenda Sarang'ombe kwa Bridgit, mtoto wa dada yangu, anayefunza chesi kanisani. Nimemwambia anikumbushe tu. Amecheka. Akasema, Anko, shika Mfumo wa London, njia ya kufungua mchezo: weupe wanaanza, sukuma askari wa malkia, toa askofu, jenga ukuta, tulia. Nikauliza tunapiga saa ngapi. Ati hatupigi, tunatulia. Huo ni mchezo ama ni ibada? Na askofu anatokaje nje kabla ukuta haujaisha? Kichwa kinauma.

Alhamisi, 12 Juni
Mazoezi. Ukuta umesimama, hata fundi wa mawe angeusifu. Bridgit akaniwekea askari wa bure, nikamla. Akaweka mwingine, nikala. Malkia wangu akapotea, sijui alipitia wapi. Anko, huku kula si lazima! Yaani unaona chakula na unapita? Kwa drafti ukikataa kula, kete yako inaondolewa! Chesi ilitungwa na watu walioshiba.

Jumamosi, 14 Juni
Nimepata weupe. London safi! Jasho likamtoka Mulei. Hata wateja wa saluni ya jirani walikuja na rola kichwani. Kisha akasukuma askari mmoja, mnyonge, peke yake. Mkono wangu ukala wenyewe. Akaleta mwingine. Ukala. Mara mfalme hana pa kwenda. Mulei akasema pole Mrusi, shuka kitini.
Nimekalia mtungi wa maji.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya kanisa nikadai marudiano ya kiti, kwa drafti, mchezo wangu. Sasa mimi ni msomi: kula si lazima. Mulei akaweka chambo. Nikatulia. Akaondoa kete yangu. Akaweka tena. Nikatulia kama London yenyewe. Akaondoa. Kete ziliisha kabla sijaelewa anafurahia nini. Amecheka mpaka akalala kitini. Kitini mwangu!
Nimemwambia Bridgit anipangie darasa. Watoto wa kanisa nitawafunza mwenyewe, drafti na chesi kwa pamoja. Aniletee kiti kizuri.