Bebi Prossy Kwenye Orodha ya Wakulima

Leo nimevuliwa nguo mbele ya baba mkwe. (Mtarajiwa. Na baada ya leo, hata hilo neno nalitamka kwa woga.)

Mimi ni katibu wa chama chetu cha wakulima wa kahawa hapa Igurwa. Tuna orodha ya barua pepe: ukituma ujumbe mmoja, wanachama wote wanaupata, hata wa Nyakakika. Msimamizi wa orodha ni mimi. Anwani isiyo ya mwanachama ikituma kitu, programu inakishikilia mpaka niamue: nikipitishe, nikirudishe, au niipige marufuku anwani yenyewe. Kazi ndogo, lakini naifanya nimekunja uso kama niko forodhani Murongo, mpakani na Uganda.

Wiki hii matapeli walinichosha. Huyu anasema nimeshinda gari, yule anauza dawa ya nguvu. Juzi ikaingia anwani ngeni: Bebi Prossy. Picha ya binti mwenye miwani mikubwa, midomo imechongoka. Anasema: "Wapendwa, nina habari njema. Kuna mgeni anataka kutugawia miche ya kahawa bure. Nitumieni majina kamili na namba za simu haraka. Ni mimi Mwenyekiti wenu."

Mwenyekiti wetu! Mzee Rwegasira, mzee wa kanisa, mtu asiyetabasamu hata kwenye picha ya harusi yake! Tena ndiye baba yake Koku, ambaye Jumamosi hii napeleka posa kwao. Damu ilinichemka. Nikaipiga marufuku anwani, na ujumbe nikaurudisha pamoja na jibu nililotunga mwenyewe. (Nililisoma mara mbili kwa raha.)

Leo asubuhi tulikuwa na mkutano. Nimevaa shati jipya. Nikamwamkia mwenyekiti nimeinama kuliko kawaida.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kavu.

Kwetu barua zote husomwa na katibu, kwa sauti, mbele ya mkutano. Mzee akatoa simu ambayo sijawahi kuiona.

"Ile yangu ilikanyagwa na ng'ombe," akatangaza. "Hii nimeinunua Murongo, imetumika kidogo. Niliwaandikia habari ya miche, nikajibiwa na mtu nisiyemjua. Katibu, tusomee."

Nikaipokea. Kwenye kioo, miwani mikubwa inanitazama.

Mungu wangu! Mwenye simu wa kwanza hakuiondoa anwani yake, na mzee wa watu alikuwa akiandika humo humo!

"Baba, labda nikaisome nyumbani kwanza, halafu..."

"Soma. Na wa nyuma wasikie."

Nikasoma. "Wewe Prossy, mwenyekiti wetu tunamjua. Ni mzee mwenye heshima, hana midomo kama yako. Kama umeshindwa maisha, njoo Igurwa tukupe jembe ulime migomba. Ukituandikia tena utajuta kuzaliwa."

Bibi mmoja mbele akashika kichwa: "Waitu! Prossy ndiye nani?"

"Hata mimi nauliza," mzee akasema. "Katibu, chini pameandikwa nani katuma?"

"Msimamizi wa orodha." (Sauti ilitoka nyembamba, sijui ya nani.)

"Na msimamizi wa orodha ni nani?"

Mkutano mzima ukanigeukia. Nikanyoosha mkono. Kwa bahati mbaya ndio ulioshika simu, kwa hiyo nilimnyoosha na Prossy.

Jamani, walicheka! Watu wazima walishikana mabega. Nikaanza kueleza, jasho linatiririka: anwani ngeni, kushikiliwa, marufuku. Shati lilishalowa mgongo mzima. Mzee peke yake hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo asiye mwanachama anasubiri nje mpaka msimamizi aamue?"

"Ndiyo, baba."

"Utaratibu mzuri sana. Jumamosi mkija na posa yenu, wewe utasubiri kule kwenye migomba. Msimamizi wa ile nyumba ni mimi."

Prossy nimeshamwondolea marufuku. Naombeni msinicheke, ila mwenye mwavuli wa kuniazima Jumamosi aseme mapema, maana mvua za huku mnazijua.